Hoja ya usanifu na asili ya uhai

Hoja ya usanifu ni dai la kifalsafa kwamba mpangilio wa viumbe hai hauelezeki pasipo akili iliyoukusudia. Mchungaji William Paley wa Uingereza aliipa sura yake mashuhuri mwaka 1802: aokotaye saa nyikani hukiri kwamba ina fundi. Ajabu ni kwamba jibu lilikwisha kuchapishwa mwaka 1779, katika kitabu cha mwanafalsafa David Hume kilichotoka baada ya kifo chake. Fundi wa vitu tunamjua kwa kuwa tumewaona mafundi kazini, lakini nani aliuona ulimwengu ukiundwa? Tena, hata hoja ikipita, haituambii kama fundi ni mmoja au wengi, wala kama ni mwema.

Charles Darwin (1859) alieleza viumbe wanavyobadilika kwa uteuzi asilia. Uteuzi huo, hata hivyo, hauanzi mpaka kiwepo kitu kinachozaa mfano wake. Kuhusu chanzo cha kitu hicho nadharia yake haisemi, jambo wanalolisahau watetezi wake sawa na wapinzani. Mwaka 1953 mwanakemia Stanley Miller alichapisha jaribio alilolifanya Chicago: methani, amonia, haidrojeni na mvuke wa maji, vilipopigwa cheche za umeme, vilitoa asidi amino. Toka hapo hadi seli moja bado ni mbali mno.

Katika pengo hilo, na katika seli yenyewe, ndimo hoja ya usanifu ilimohamia. Michael Behe, mwanabiokemia wa Marekani, alidai mwaka 1996 kwamba mkia wa bakteria haufanyi kazi ukipungukiwa sehemu moja, hivyo haukuweza kujengeka hatua kwa hatua. Mwanabiolojia Kenneth Miller alimjibu kwamba baadhi ya sehemu hizo hutumiwa na bakteria wengine kudunga sumu. Mwanafalsafa wa sayansi Stephen Meyer (2009), naye mtetezi wa hoja hiyo, aliegemea taarifa zilizomo katika DNA: kila tunapojua chanzo cha taarifa za namna hiyo, asema, ni akili. Hoja yake ni nzito kuliko wakosoaji wengi wanavyokubali, ila inakwama palepale pa Hume, kwani akili zote tunazozijua zina miili, nazo zilitanguliwa na uhai.

Mwaka 2005, katika kesi kuhusu kufundisha hoja hii katika shule za Dover, Pennsylvania, Jaji John E. Jones aliamua kwamba "usanifu wenye akili", kama hoja hiyo inavyoitwa siku hizi, si sayansi. Kama ni kweli au si kweli, alisema mahakama haina msimamo.