Kinanda na Ngoma katika Nchi ya Ufipa

Mapadri Weupe walifika Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na baadaye kazi yao ikapanda hadi uwanda wa juu wa Ufipa. Pamoja na msalaba na kitabu ilipanda kazi nyingine ngeni, nayo ni ya mpiga kinanda.

Sisi tuliokulia karibu na parokia twamkumbuka mtu huyo. Siku za juma alifundisha hesabu. Jioni alifundisha kwaya. Jumapili aliketi mbele ya kinanda cha kukanyaga, miguu ikisukuma pumzi. Usiku, kwa mwanga wa kandili, aliandika nyimbo kwa herufi za do, re, mi, akizigawa katika sauti nne. Mshahara wake ulikuwa wa ualimu tu.

Kazi hiyo ya usiku ndiyo iliyokuwa ngumu. Tuni nyingi zilitoka Ulaya, na maneno yakalazimishwa kuzifuata. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho; tuni ikikaza ya mwisho, neno huvunjika. Kifipa huumia zaidi, kwa kuwa silabi zake zenyewe hupanda na kushuka. Padri Stephen Mbunga, mtunzi wa Misa Baba Yetu, alitoa kitabu mwaka 1963 kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza muziki wa asili upewe heshima na nafasi yake katika ibada.

Lakini swali kali zaidi lilikuwa limekwisha kuulizwa. Tarehe 10 Desemba 1962, akihutubia Bunge, Rais Nyerere alisema kwamba wengi wamejifunza gitaa na piano. Je, wasomi wangapi wajua kupiga ngoma? Tulipoisoma hotuba hiyo tuliona haya, maana tulijua vidole vyetu vimezoea nini. Hata hivyo hatukubali kwamba kosa ni la kinanda.

Mwalimu wetu alijaribu siku moja kuandika wimbo wa akina mama wa nsimba, waliokuja na chungu na kigoda chao. Aliutafuta kwenye kinanda. Sauti moja ikawa inaangukia kati ya vibonyezo viwili. Alijaribu huku na huku, akina mama wakicheka kwa adabu.

“Mwalimu, tuimbe tena?” akauliza mkubwa wao.

“Imbeni, mama,” akajibu, akafunga kifuniko cha kinanda.