Uhamishoni Kulianzia Mrima

Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana baada ya Mapinduzi na kufika Uingereza mwaka 1968. Alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, wengi walimsifu kuwa msemaji wa wakimbizi walioko Ulaya. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Katika riwaya zake mtu hupoteza kwao kabla hajapanda meli wala ndege, na humpata hayo huku huku pwani.

Katika Paradise (1994), Yusuf ana miaka 12 anapochukuliwa na tajiri Aziz, anayemwita ami. Kumbe baba yake amemweka rehani kwa deni. Mwishowe anakimbilia msafara wa askari wa Wajerumani. Katika Afterlives (2020), Ilyas, aliyetoroka nyumbani utotoni akachukuliwa na askari, anajiunga na jeshi hilo hilo kwa hiari yake. Historia yetu inathibitisha hayo. Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliteremsha Tanga, upande wa Ras Kasone, kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India. Walishindwa na jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck, la watu kama 1,000, wengi wao Waafrika. Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliwatumikia Wajerumani vitani akiwa mtoto, baadaye akafundisha Kiswahili Berlin, akafia kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Ilyas naye anaishia huko.

Wapo wanaosema kwamba Gurnah ameandika kwa Kiingereza, akiwa mbali, hivyo kilio chake si chetu. Hoja hiyo ina uzito, kwani lugha huchagua wasomaji. Lakini tumtazame Saleh Omar wa By the Sea (2001). Anatua Gatwick na kijisanduku cha udi, ambacho ofisa wa uhamiaji anamnyang'anya. Msomaji wa Ngamiani, Tanga, hahitaji kuelezwa thamani yake. Pasipoti yake ina jina la mtu wa kwao, ambaye aligombana naye juu ya nyumba na deni. Hata Uingereza, yanayomwandama ni ya nyumbani.

Tangu mwaka 2022 Paradise inasomeka kwa Kiswahili, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Walimu wa Tanga, isomesheni sambamba na historia ya Ras Kasone, vijana wajue kwamba habari za wakimbizi ni habari za babu zao pia.