Dhahabu Kinywani: Nani Aliruhusiwa Kung'aa?

Kila picha ya kijana aliyevaa meno ya dhahabu inapopita mitandaoni, hukumu hutolewa kabla mwenyewe hajasema neno: huo ni uhuni, tena uhuni wa kuiga Wamarekani. Kauli hiyo nimeisikia kwa wanafunzi wangu, kwa wazazi, na hata kwa watumishi wa umma ambao kazi yao ni kuwahudumia vijana haohao. Mimi si shabiki wa mtindo huu, na meno yangu yatabaki kama yalivyo. Hata hivyo, kauli hiyo haina mashiko kihistoria. Kwa karne nyingi dhahabu ya kinywani ilikuwa alama ya wakubwa, na jina la uhuni ilipewa baada ya kufika katika vinywa vya wanyonge.

Tuanze na Italia ya kale. Waetruski, waliokuwa na nguvu kabla ya Roma kuwameza, walikuwa wakitengeneza mikanda myembamba ya dhahabu iliyozungushwa kwenye meno ya mbele, tangu takriban karne ya 7 kabla ya Kristo. Mingine ilishikilia jino la bandia. Ushahidi wa mifupa unaonyesha kwamba waliovaa walikuwa hasa wanawake, tena wa familia zenye uwezo, na mikanda yenyewe ilikaa pale inapoonekana mtu anapocheka. Roma nayo, ilipoandika sheria zake za Mbao Kumi na Mbili mnamo mwaka 450 kabla ya Kristo, ilipiga marufuku kuzika dhahabu pamoja na maiti, ili kupunguza ufahari wa mazishi. Ikaacha mwanya mmoja tu: maiti ambaye meno yake yamefungwa kwa dhahabu angeweza kuzikwa au kuchomwa nayo bila kosa. Cicero ndiye aliyetuhifadhia kipengele hicho, nami hukisoma kila mara kwa mshangao. Watu waliobana matumizi hadi kaburini walikubali kwamba pambo hili si sawa na pete, na kwamba kulichomoa ni kumgusa mtu mwenyewe.

Ufundi mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ulikuwa katika visiwa ambavyo leo tunaviita Ufilipino. Mwezi Machi 1521, Antonio Pigafetta, Muitalia aliyeandika habari za msafara wa Magellan, alikutana na mtawala wa Butuan, akaeleza kwamba kila jino lake lilikuwa na madoa matatu ya dhahabu. Wenyeji wa Visayas waliiita kazi hiyo pusad, na fundi wake aliitwa mananusad. Hakuwa tabibu wa kutuliza maumivu. Alikuwa fundi wa urembo mwenye heshima ya kisonara. Meno yalichongwa kwanza yakawa sawasawa, mara nyingi yakatiwa rangi nyeusi au nyekundu, kisha yakatobolewa matundu madogo ya kupachika vipini vya dhahabu. Huko Bolinao, katika kisiwa cha Luzon, lilichimbuliwa fuvu ambalo meno yake yamefunikwa kwa vipande vidogo vya dhahabu vilivyopangwa kama magamba ya samaki. Linakadiriwa kuwa la karne ya 14 au ya 15. Naomba msomaji afikirie subira ya kukaa chini ya mkono wa fundi huyo, bila ganzi ya kisasa, ili tu ukitabasamu watu wajue wewe ni nani.

Uhispania ilianza kuvitawala visiwa hivyo mwaka 1565. Dhahabu ikapata wenyewe wapya, uzuri ukapimwa kwa kipimo kingine, na pusad ikafifia. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa sana jinsi mambo kama hayo yanavyokwenda. Wamakonde walichonga meno na kuchanja nyuso zao kwa heshima, lakini wajukuu wao walikuja kufundishwa kuzionea haya picha za mababu.

Twende sasa Marekani inakolaumiwa. Vito vya kinywani vilikuwapo huko zamani kabla ya hip hop; mpiga piano Jelly Roll Morton alijulikana kwa almasi iliyokuwa kwenye jino lake, na bondia Jack Johnson kwa tabasamu lake la dhahabu, jambo lililowaudhi zaidi Wazungu waliokwisha kuudhiwa na ngumi zake. Miaka ya 1980, Eddie Plein, mhamiaji kutoka Suriname, alifungua biashara New York ya kutengeneza vifuniko vya dhahabu vya kuvaa na kuvua. Hapo ndipo ulipo ugeuzi wenyewe. Taji la kudumu hudai jino likwanguliwe, nalo hubaki nawe hadi kwenye usaili wa kazi. Kifuniko cha kuvua kilimwezesha kijana mweusi kung'aa jioni na kurudi asubuhi katika sura ambayo mwajiri angeivumilia. Plein alihamia Atlanta baadaye, mtindo ukashamiri Kusini, na Januari 2006 wimbo wa Nelly uitwao "Grillz" ukashika nafasi ya kwanza katika chati ya Billboard. Miaka sita baadaye, kwenye Olimpiki ya London, muogeleaji mzungu Ryan Lochte alijitokeza na kifuniko chenye vito vilivyopangwa kwa mfano wa bendera ya nchi yake. Wapo waliomcheka, lakini sikumbuki aliyeuliza wazazi wake walimlea vipi.

Kinywa chenye dhahabu pia ni akiba, na akiba huvutia wezi. Mwaka 1940 Heinrich Himmler aliamuru meno ya dhahabu yang'olewe kwa wafungwa waliokufa katika kambi za Wanazi. Sehemu ya dhahabu hiyo iliishia katika Benki Kuu ya Ujerumani. Kile ambacho Roma ya kipagani iliona haya kukifanya kwa maiti, dola ya kisasa ilikifanya kwa amri na hesabu za ofisini.

Na hapa jirani, Januari 1961, Patrice Lumumba aliuawa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Polisi Mbelgiji Gérard Soete alishiriki kuiyeyusha miili yao kwa tindikali, na baadaye akakiri hadharani kwamba alichukua meno ya Lumumba. Mamlaka za Ubelgiji zilikamata moja mwaka 2016 nyumbani kwa binti yake. Lilikuwa limevikwa dhahabu. Ndicho kilichosalia cha waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Familia ilikabidhiwa jino hilo Brussels tarehe 20 Juni 2022, likawekwa katika jeneza la ukubwa wa kawaida, likapelekwa Onalua alikozaliwa, Kisangani na Lubumbashi, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni, siku ya uhuru.