Kabla Nidungwe Sindano, Nilitafuta Historia Yake

Wasee, wacha niwaambie kitu sijaambia wengi. Miezi miwili iliyopita nilianza maandalizi ya kuchangia mayai. Sio ya kuku. Nasema hivyo kwa sababu hapa Kakamega ukitaja mayai watu wanaskia ingokho tu, na hata kakangu aliniuliza trei nauza ngapi.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Kliniki moja Nairobi ilikuwa inatafuta wasichana wenye afya, na pesa waliyotaja ingemaliza deni la karo na ibaki ya simu nzuri ya kurekodia. Nikapanda basi la usiku. Wakanipima damu: HIV, homa ya ini, na selimundu, maana huo ugonjwa tunaujua sana huku magharibi. Wakaangalia ovari kwa mashine ya picha. Wakauliza magonjwa ya mama, ya kukhu, mpaka ya mashangazi. Kisha muuguzi akanieleza ratiba: sindano kila siku, kama siku 10 hivi, ndio mayai mengi yakomae pamoja badala ya moja. Halafu sindano ya mwisho, na baada ya saa 36 hivi wanakupa dawa ya usingizi na kuyatoa kwa sindano ndefu kupitia ukeni. Akaniambia pia hatari yenyewe: kuna wanaovimba ovari na kujaa maji tumboni, wengine mpaka walazwe.

Nikamuuliza, "Hii dawa inatoka wapi?" Akacheka, akasema hakuna mtu huuliza hivyo. Nikarudi Kakamega na fomu mkononi na hilo swali kichwani.

Jibu lilinishangaza. Dawa za kwanza za aina hii zilitoka kwa mkojo. Ndiyo, mkojo. Mwanamke akishakoma hedhi, mwili wake hutoa hiyo homoni kwa wingi na nyingine hutoka akienda haja ndogo. Mwanasayansi wa Italia, Piero Donini wa kampuni ya Serono, alijua kuichuja tangu miaka ya 1940. Shida ikawa kupata mkojo wa kutosha wa wanawake wazee. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari Bruno Lunenfeld aliifuata kampuni hiyo, na suluhisho likapatikana: masista wazee wa Kikatoliki, kwenye nyumba zao za kustaafu. Mkojo ulikusanywa kila siku na kupelekwa kiwandani. Mwaka wa 1962, Israeli, akazaliwa mtoto wa kwanza wa dawa hiyo. Siku hizi nyingi hutengenezwa maabara, lakini njia ilifunguliwa na wanawake walioapa kutozaa kabisa. Donini ana jina. Lunenfeld ana jina. Wale masista wamebaki "masista" tu.

Hapo nikaanza kuona mtindo. Louise Brown, mtoto wa kwanza wa IVF duniani, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Kazi ilifanywa na watu watatu: Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy, mwanamke aliyesomea uuguzi na kuwa nguzo ya maabara yao. Purdy alifariki 1985 akiwa na miaka 39. Edwards alipata Nobeli mwaka wa 2010. Bango la kumbukumbu kule Oldham lilitaja wanaume wawili, na jina la Purdy likaja kuongezwa kwa bango jipya 2015. Kufikia 1984, Australia na California tayari zilikuwa na watoto waliotokana na yai la mwanamke mwingine. Wanawake waliotoa hayo mayai? Wachangiaji. Basi.

Na hapa kwetu? Watoto wa kwanza wa IVF Kenya walizaliwa 2006 Nairobi, chini ya Daktari Joshua Noreh. Mswada wa kwanza wa kusimamia mambo haya ulifika bungeni 2014, kupitia Mheshimiwa Millie Odhiambo, na ukawa unarudi kwa sura mpya: 2016, 2019, 2022. Watoto walitangulia, sheria ikafuata kwa mguu. Mwaka huohuo wa 2014 Mahakama Kuu iliamua kesi ya mapacha waliobebwa na mama mwingine. Baada ya kuzaliwa walipelekwa makao ya watoto, kwa sababu ya utata wa mama yupi aandikwe. Jaji David Majanja akaona wazi kwamba pengo la sheria linaumiza watu.

Lakini usiniambie eti mtoto kuwa na mama wawili ni mambo ya wazungu. Ukisimama hapa mjini uangalie mashariki, utaona milima ya Nandi. Huko, mwanamke asiye na mtoto wa kiume angeweza kulipa mahari na kuoa mwanamke mwenzake, na watoto wakahesabiwa wa ukoo wake. Mwaka wa 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilitambua ndoa kama hiyo katika kesi ya urithi. Tofauti ni kwamba kijiji kizima kilimjua aliyezaa. Hakuitwa namba.

Nilipomweleza kukhu, hakukasirika. Aliuliza swali moja: "Huyo mtoto ataitwa nani?" Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia, ndio jina lisipotee. Sikuwa na jibu.

Sijasema ni vibaya. Kuna mtu analia usiku kwa kukosa mtoto, na mimi nina mayai yanayopotea kila mwezi. Pia nina deni, na sioni aibu kulitaja. Ila nimerudisha fomu bila sahihi, na maswali matatu kwa karatasi. Nikivimba nikalazwa, nani analipa? Rekodi zangu mtaziweka miaka mingapi? Na huyo mtoto akifika miaka 18 akitaka kujua alitoka wapi, mtamwambia nini?

Wakijibu kwa maandishi, nitapanda basi tena. Wakinijibu kwa simu tu, nitatafuta karo kwingine. Wewe ungekuwa mimi, swali la nne lingekuwa gani?