Molekuli zinazong'aa zikisongamana: siri yake ni nini?

Huenda umewahi kumwona mwenye duka akiweka noti chini ya taa ya zambarau ili kujua kama ni halali. Alama zilizokuwa zimejificha huwaka ghafla. Taa hiyo hutoa miale ya urujuanimno, ambayo macho yetu hayaioni. Wino maalumu huipokea miale hiyo na kuirudisha ikiwa mwanga tunaouona. Leo tunaeleza kuhusu kemikali nyingine zinazong'aa zikimulikwa hivyo, ila zenye tabia ya pekee.

Tatizo la siku nyingi

Molekuli ni chembe ndogo mno zinazounda vitu. Ungetegemea kwamba zikiwa nyingi zitatoa mwanga mwingi. Kwa kemikali nyingi zinazong'aa, haiwi hivyo. Mwaka 1954, wanasayansi Förster na Kasper walieleza kuwa kemikali iitwayo pireni, ikizidishwa ndani ya kimiminika, mng'ao wake wa kawaida hufifia. Molekuli nyingi za aina hii ni bapa. Zikilaliana kama sahani kabatini, nishati hupotea bila kuwa mwanga.

Tatizo hili linagusa hata vioo vya OLED vilivyomo katika baadhi ya simu. Watengenezaji huchanganya kiasi kidogo cha kemikali ya mwanga ndani ya kemikali nyingine, ili molekuli zake zisibanane.

Tone lililowaka lilipokauka

Mwaka 2001, kundi la Profesa Ben Zhong Tang katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Hong Kong lilikuwa likichunguza kemikali za jamii ya siloli. Tone bichi lilipomulikwa halikung'aa. Lilipokauka, likawaka. Wangeweza kudhani wamekosea na kulitupa. Badala yake walitafuta sababu, wakaonyesha kwamba molekuli hizo hung'aa zinapokusanyika.

Kwa nini huwaka?

Molekuli ya siloli waliyoichunguza ina vipande vinavyozunguka kama mapanga ya feni. Ikiwa imeyeyuka na ina nafasi, nishati inayopokea huishia kwenye mizunguko hiyo na kuwa joto. Zikisongamana, mapanga hayapati nafasi ya kuzunguka, na nishati hutoka ikiwa mwanga. Umbo lake lililopindapinda pia huzizuia kulaliana kama sahani.

Ndiyo maana ukiongeza maji mengi kwenye spiriti iliyoyeyusha kemikali hiyo, mchanganyiko huanza kung'aa. Molekuli hizo hazipatani na maji, kwa hiyo hukusanyika pamoja, kama mafuta yanavyofanya.

Polima nazo

Polima ni minyororo mirefu ya molekuli, kama ilivyo kwenye plastiki. Watafiti wameunganisha molekuli hizi za mapanga kwenye polima na kupata utando mwembamba unaong'aa. Baadhi ya polima hizo hutumika kutambua kemikali za milipuko: kemikali hiyo ikigusa polima, mwanga huzimika. Hata polima za asili, kama wanga na selulosi ya mimea, zinaweza kutoa mng'ao hafifu zikiwa kavu na zimeshikamana.

Zina faida gani?

Faida kubwa ni katika upimaji. Rangi ya kawaida hung'aa kila ilipo, hata pale pasipo na kitu kinachotafutwa. Rangi ya aina hii inaweza kubaki giza ndani ya maji, kisha ikawaka inaponasa kwenye bakteria au seli. Anayepima huona kile anachokitafuta, wala hasumbuliwi na mwanga wa pembeni.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi hii bado iko maabara. Kemikali itakayoingizwa mwilini lazima kwanza ithibitike kuwa salama.

Tahadhari moja, msikilizaji: usiitazame moja kwa moja taa ya kukagulia noti, wala usimwachie mtoto aichezee. Miale yake inaweza kuumiza macho.