Wanawake Mashuhuri wa Historia Vitabuni: Wasifu, Simulizi na Riwaya

Vitabu vya maisha ya wanawake mashuhuri ni maandishi yanayomweka katikati ya masimulizi mwanamke aliyepata kuishi, au kundi la wanawake. Humo huingia wasifu unaoandikwa na mtu mwingine, tawasifu inayoandikwa na mhusika mwenyewe, simulizi za maisha zinazotolewa kwa mdomo kisha zikaandikwa, na riwaya ya kihistoria. Aina hizi nne hutofautiana kwa mtindo, lakini zote hukabiliwa na swali moja: habari za mwanamke huyu zilihifadhiwa na nani, na kwa sababu gani? Nyaraka za zamani ziliandikwa zaidi na makarani, mapadri, mahakimu na maofisa wa serikali, karibu wote wanaume. Mwanamke alitajwa humo alipoolewa, aliporithi, aliposhtakiwa au alipoasi. Siku zake nyingine zikapita bila kuandikwa. Ndiyo maana thamani ya kila kitabu cha namna hii hutegemea sana chanzo chake na jinsi mwandishi anavyokitendea haki.

Chimbuko

Mwanzo wa vitabu hivi ni orodha. Ibn Saad wa Baghdad, aliyefariki mwaka 845, alikusanya Tabaqat, mkusanyiko mkubwa wa habari za masahaba na waliowafuata, na juzuu ya mwisho akaitenga kwa wanawake. Humo msomaji hukuta nasaba zao, ndoa zao, lini walisilimu na hadithi gani walizipokea. Waliandikwa kwa kuwa neno lao lilikubaliwa kuwa ushahidi katika mambo ya dini.

Ulaya, Giovanni Boccaccio alitunga kwa Kilatini, mwanzoni mwa miaka ya 1360, kitabu chenye habari za wanawake 106, wa kweli na wa visasili, wema na waovu. Mwaka 1405 Christine de Pizan, mjane aliyeishi Ufaransa na kulea watoto wake kwa kipato cha uandishi, aliwachukua wengi wa wanawake wale wale na kuwapanga upya katika kitabu kuhusu mji unaojengwa na wanawake na kukaliwa nao. Habari zilikuwa za Boccaccio, hukumu ikawa ya Christine. Tangu hapo mabishano kuhusu nani ana haki ya kusimulia maisha ya mwanamke hayajakoma.

Tawasifu: mhusika kushika kalamu

Katika Afrika Mashariki mfano wa awali unaojulikana sana ni wa Sayyida Salme. Alizaliwa Unguja mwaka 1844, katika jumba la Mtoni, binti wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja na Omani, na suria aliyeitwa Jilfidan. Katika nyumba ya kifalme wasichana walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika kuliachiwa wavulana. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ukaja kuwa silaha. Mwaka 1859, akiwa na miaka 15 tu, ndiye aliyewaandikia barua ndugu zake waliokula njama ya kumwondoa kaka yao, Sultani Majid, ili ndugu yao Barghash ashike utawala.

Mwaka 1866 alitoroka Unguja kwa manowari ya Kiingereza. Mwaka uliofuata alibatizwa Aden, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg na kuitwa Emily Ruete. Mumewe alifariki 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu katika nchi ya ugeni. Kumbukumbu zake zilitoka Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani.

Kitabu hicho kina mambo ambayo balozi yeyote wa kigeni asingeweza kuyaona: uzazi, malezi, mavazi, chakula, wivu na mapenzi ya wake na masuria ndani ya kuta za jumba. Papo hapo kina ajenda yake. Salme alikuwa akidai urithi wake, na alikuwa akiwajibu Wazungu waliowadharau wanawake wa Kiarabu. Katika kujibu huko aliutetea utumwa wa Unguja kwa hoja ambazo waliotumikishwa wasingezikubali. Msomaji makini humsikiliza Salme anapoeleza aliyoyaona, na hujihadhari naye anapowasemea wasiopewa nafasi ya kusema.

Karne moja baadaye hali ilikuwa tofauti. Wambui Otieno alipochapisha tawasifu yake mwaka 1998, kuhusu ujana wake katika Mau Mau na kesi ya mwaka 1987 ya mazishi ya mumewe, Wakenya wengi walikuwa wamekwisha kumjua kupitia magazeti. Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004, alitoa tawasifu yake 2006. Humo alisimulia utoto wake Ihithe, Nyeri, na mapambano ya mwaka 1989 dhidi ya mpango wa kujenga ghorofa refu katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Wote wawili waliandika wakijua kwamba maneno yao yangepimwa na mashahidi walio hai.

Wasifu: macho ya mwingine

Kwa Kiswahili, wasifu uliowafungulia njia wengine ni ule wa Siti binti Saad, ulioandikwa na Shaaban Robert na kuchapishwa katika miaka ya 1950. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia maskini yenye asili ya utumwa, na ujanani aliuza vyungu. Alihamia mjini mwaka 1911, akafundishwa kuimba na kupiga ala, na mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenzake kurekodi santuri. Taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu kwenye kasri ikasikika kwa Kiswahili kila palipokuwa na gramafoni. Alifariki mwaka 1950.

Shaaban Robert alimjua Siti katika uzee wake, na alichokitafuta zaidi ni tabia. Anamwonyesha mwanamke aliyedharauliwa kwa nasaba na sura, akashinda kwa subira, adabu na kipaji. Ni wasifu wenye mafunzo, ulioandikwa na mtu aliyeamini kwamba maisha mema ni somo kwa wanaobaki. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu burudani na siasa za Unguja, aliyatazama maisha yale yale kutoka upande mwingine. Alisikiliza nyimbo na kuwahoji wazee wa Ng'ambo, upande wa mji wa Unguja walikoishi wanyonge, akaonyesha jinsi Siti na kundi lake walivyoyasema mashtaka ya wanyonge. Wimbo wa Kijiti, kwa mfano, unasimulia mauaji ya mwanamke mgeni na kuilalamikia mahakama. Mwandishi mmoja ametupa moyo wa Siti, mwingine ametupa mji uliomsikiliza. Mwenye kutaka kumjua Siti vizuri avisome vitabu vyote viwili.

Simulizi zilizonaswa

Wanawake wengi hawakuandika wala kuandikiwa, lakini walikuwa na kumbukumbu. Katika miaka ya 1970 Sarah Mirza na Margaret Strobel walirekodi Mombasa maisha ya wanawake watatu: Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Bi Kaje alitoka katika ukoo uliokuwa na watumwa, Mishi katika ukoo wa waliokuwa watumwa. Wanapoeleza harusi, unyago na vyama vya lelemama, msomaji huona jinsi sherehe moja ilivyoonekana ukumbini na jinsi ilivyoonekana jikoni. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka 1989, na maneno yao wenyewe ya Kiswahili yakachapishwa 1991.

Susan Geiger alifanya kazi ya namna hiyo Tanzania. Kitabu chake cha 1997 kuhusu wanawake wa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, kinaanza na Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Kabla ya siasa, Bibi Titi alikuwa mwimbaji mkuu wa kundi la ngoma la Bomba. TANU ilipohitaji wanawake mwaka 1955, yeye na wenzake walipita katika vikundi vya ngoma, ambako wanawake wa makabila mbalimbali walikuwa wamezoea kukutana, kuchangishana na kutii viongozi waliowachagua wenyewe. Hoja ya Geiger ni kwamba wanawake hao walikuja na umoja wao, wakautia katika chama. Hoja hiyo isingepatikana katika kumbukumbu za mikutano ya chama. Ilitoka vinywani mwao.

Riwaya ya kihistoria

Panapokosekana nyaraka na mashahidi, mwanariwaya huingia. Tituba, mtumwa aliyeshtakiwa kwa uchawi huko Salem, Marekani, mwaka 1692, amebaki katika kumbukumbu za mahakama kwa majibu aliyoyatoa akihojiwa. Maisha yake kabla na baada ya kesi hayajulikani vizuri. Maryse Condé wa Guadeloupe alimpa utoto, mapenzi na uasi katika riwaya ya mwaka 1986. Yvonne Vera wa Zimbabwe alifanya hivyo kwa Nehanda, mganga wa mizimu aliyenyongwa na Waingereza mwaka 1898, katika riwaya ya 1993 inayomtazama kutoka ndani ya imani za watu wake. Assia Djebar wa Algeria alirudi kwenye vitabu vya Ibn Saad na mwanahistoria Tabari, na mwaka 1991 akatoa riwaya kuhusu wanawake wa Madina wa siku za Mtume na baada yake. Kenya, Muthoni Likimani aliwakusanya wanawake wa wakati wa hali ya hatari katika hadithi za mwaka 1985, zenye wahusika wa kubuni na mateso ya kweli: vijiji vya kulazimishwa, kazi za shokoa, msako wa usiku.

Riwaya haina ruhusa ya kugeuza tukio linalojulikana. Ina ruhusa ya kuingia pale ambapo historia imenyamaza. Mwandishi hodari huuheshimu mpaka huo, na msomaji asiyeujua hutoka na hadithi akidhani amepata historia.

Malkia mmoja, vitabu viwili

Tofauti ya wasifu na riwaya huonekana wazi kwa Njinga wa Ndongo na Matamba, katika Angola ya leo, aliyefariki mwaka 1663. Mwaka 1622 alikwenda Luanda akiwa mjumbe wa kaka yake kwa gavana wa Kireno. Gavana alikuwa na kiti, lakini mgeni wake alitandikiwa chini. Njinga alimwashiria mmoja wa wahudumu wake apige magoti na mikono chini, akamkalia mgongoni, na mazungumzo yakaendelea wakitazamana uso kwa uso.

Tukio hilo limetufikia kupitia maandishi ya Wazungu, akiwemo Cavazzi, padri Mkapuchini aliyekaa katika baraza la malkia huyo mwishoni mwa maisha yake na kumchora mara kama shetani, mara kama mwongofu. Linda Heywood, katika wasifu wa 2017, anaziweka habari hizo kando ya barua za Njinga mwenyewe na za maofisa wa Kireno, na kutoka humo anamwonyesha mwanasiasa aliyejua lini apigane na lini apatane. José Eduardo Agualusa, katika riwaya ya 2014, aliamua kutoingia kichwani mwa malkia. Msimulizi wake ni padri kutoka Brazil anayemtumikia Njinga kama katibu, huku imani yake ikianza kuyumba. Msomaji wa Heywood hujua Njinga alitenda nini na kwa ushahidi upi. Wa Agualusa huonja hali ya kuwa karibu na mtu mwenye nguvu zile bila kumwelewa kikamilifu. Kila kitabu kimetimiza ahadi yake.

Kuvipima vitabu hivi

Makosa matatu hujirudia. La kwanza ni kumtakasa mhusika. Mwanamke asiye na kosa hafundishi kitu, na msomaji hamwamini. La pili ni kumpima kwa wanaume wake, sura baada ya sura kuhusu baba, mume na mwana, hadi kazi yake inabaki pembeni. La tatu ndilo linalopenya hata katika vitabu vizuri: kumtenga na wenziwe, kana kwamba alizuka peke yake. Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kula viapo dhidi ya Waingereza mwaka 1913 na baadaye kutoroka kizuizini magharibi mwa Kenya, alifanya kazi kupitia ngoma ya kifudu na wazee wa kaya. Siti alikuwa na kundi lake, Bibi Titi alikuwa na Bomba. Kitabu kinachowafuta hao wengine hupunguza hata ukubwa wa shujaa wake.

Hali ilivyo kwa Kiswahili

Baadhi ya wanawake waliotajwa hapa waliishi, wakaimba na kupigania haki zao kwa Kiswahili, lakini maisha yao husomwa zaidi kwa Kiingereza na Kijerumani. Binti wa sekondari Tanga au Kilifi anayetaka kumjua Bibi Titi kwa undani hutumwa kwenye kitabu cha lugha ya kigeni, ilhali bibi yake pengine alicheza ngoma kama ile ya Bomba. Hiyo ni hasara inayoweza kurekebishwa. Mirza na Strobel walionyesha njia kwa kuchapisha maneno ya wasimulizi kama yalivyosemwa. Shaaban Robert alikuwa ameonyesha mapema zaidi kwamba mwimbaji mwanamke, aliyewahi kuuza vyungu, anastahili kitabu kizima cha Kiswahili fasaha.

Wachapishaji wetu watafsiri vitabu vilivyopo, na walimu wa historia wawatume wanafunzi nyumbani na kinasa sauti, wakaulize majina, miaka, nyimbo na vyama. Waliokuwa wasichana wakati wa kudai uhuru sasa ni wazee. Wasifu mzuri huanza kwa mtu kuulizwa angali hai, kwa lugha anayoiota, na mtu anayetaka kusikia jibu lote.