Pangani Mbili, Kariakoo Tatu

Makanga wa matatu aliita, "Pangani, Pangani, Muthaiga!" nikageuka kama mtu aliyesikia jina la mama yake sokoni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika Nairobi. Pangani niliyokulia nikiijua ni mji mdogo wa mkoa wa Tanga, wa minazi na nyumba za kale za mawe, ambako mto mpana humwaga maji ya rangi ya udongo baharini na pantoni huvusha watu na baiskeli kwenda Bweni. Kijana yule alikuwa akitaja kituo cha barabara ya Thika. Nilipanda, nikashuka hapo Pangani yake. Nikakuta madaraja ya barabara kuu, shule ya wasichana, maduka, na magari yasiyokatika. Mto wa kuvuka hapakuwa, wala harufu ya chumvi.

Tangu siku ile nimekuwa nikilifuata jina hili nijue lilisafiri vipi kutoka ufukweni hadi bara. Kila nilipolifuata, nilimkuta mtu yuleyule ametangulia njiani: mpagazi.

Yako majina yanayoota kama majani, popote mvua inaponyesha. Majengo ni mfano: Nairobi iko, Mombasa iko, Moshi iko, Dodoma iko, na hakuna aliyeibeba kutoka mji mmoja kuipeleka mwingine. Watu walijenga, wakaita Majengo. Bondeni na Mwembeni ni hivyohivyo. Pangani si jina la namna hiyo. Palipo na Pangani ya pili, yupo mtu aliyetoka ya kwanza, au aliyefuatana na waliotoka huko.

Ile ya kwanza ilikuwa mlango wa bara kabla ya reli. Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walifika hapo mwaka 1857 wakielekea Fuga, Usambara, na walikuta mji unaoishi kwa biashara ya misafara. Pembe za ndovu zilishuka kutoka Umasai na nchi za Kilimanjaro, na watumwa nao walishuka kwa njia hiyohiyo. Kandokando ya mto yakaenea mashamba ya miwa, na walioyalima wengi wao walikuwa watumwa. Ni lazima jambo hili lisemwe pamoja na uzuri wa mji, kwa sababu nyumba zile za mawe tunazozipiga picha leo zilisimama kwa jasho hilo.

Mzigo wa mpagazi uliitwa mtumba. Uzito wake ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, ukakaa juu ya ngata kichwani au begani. Nguo, shanga na waya vilipanda bara, pembe zikarudi. Mbele alitangulia kirangozi, nyuma yake mnyapara akihesabu watu, na posho ikipimwa kwa kibaba. Leo mtu akisema anauza mitumba, tunaelewa mara moja kuwa ni nguo kuukuu kutoka Ulaya na Marekani. Neno hilo limehama kutoka kichwa cha mpagazi hadi meza ya mchuuzi, na ni wachache wanaokumbuka lilikotoka.

Miongoni mwa wakubwa wa misafara ya Pangani alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe aliyezijua njia za Umasai kuliko mzungu yeyote wa zama zake. Mpelelezi Joseph Thomson alisafiri kwa msaada wake mwaka 1883. Mwaka 1887 kabaila Samuel Teleki wa Hungaria na mwenzake Ludwig von Höhnel walianza safari yao kutoka Pangani wakiwa na mamia ya wapagazi, na Kimemeta akiwa kiongozi wao. Machi 1888 walifika kwenye ziwa kubwa la kaskazini, wakalipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria. Leo tunaliita Turkana. Von Höhnel aliandika kitabu kikubwa cha safari ile. Wapagazi waliokufa njiani hawakupata ziwa wala kilima cha kuitwa kwa majina yao.

Mwaka huohuo wa 1888 mambo yaliharibika nyumbani. Sultani Khalifa wa Unguja alikuwa amewakodisha Wajerumani pwani ya Mrima, na Agosti ofisa wa kampuni yao, Emil von Zelewski, alipandisha bendera ya kampuni Pangani kwa ubabe uliowaudhi watu wote, wenye mashamba na wasio na mashamba. Mji ukawaka. Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyekuwa na shamba la miwa karibu na hapo, akawa kiongozi wa vita vilivyoenea pwani nzima. Hemedi bin Abdallah al-Buhry aliviandikia utenzi, na kwa hiyo tunavyo katika lugha yetu wenyewe, vikisimuliwa na mtu wa upande wetu. Hermann von Wissmann aliletwa kuvizima. Tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani. Zelewski naye hakufika mbali: Agosti 1891 aliuawa Lugalo na jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe.

Baada ya hapo kilichoidhoofisha Pangani ni reli. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kutandika reli kutoka Tanga, na ilipofika Moshi mwaka 1911, shehena yote ya bonde la mto ikaenda Tanga. Upande wa Waingereza reli ya Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Gari moshi moja lilibeba kilichohitaji vichwa elfu. Njia za misafara zikaota nyasi, na watu wa pwani waliokuwa wakipita bara wakaanza kukaa.

Hivyo ndivyo Nairobi ilivyopata Pangani yake. Katika miaka ya mwanzo ya mji ule, kulipokuwa na stesheni, mabati na tope, Waswahili wa misafara walijenga kijiji chao kaskazini ya mto Nairobi, wakakipa jina la kwao. Hakikuwa peke yake. Kulikuwa na kijiji kilichoitwa Mombasa, kingine Maskini, kingine Kaburini. Ukiyasoma majina hayo manne kwa pamoja unasikia sauti ya watu walioyatoa: wawili wanakumbuka nyumbani, wa tatu anataja hali yake, wa nne anaonyesha alipozika wenzake.

Pangani ya Nairobi ilikuwa ya nyumba za udongo na miti, yenye misikiti, na watu wa kila kabila waliokuja mjini kutafuta kazi wakipanga vyumba humo. Wanawake wengi walimiliki nyumba zao wenyewe, jambo ambalo mashambani wasingeliruhusiwa kwa urahisi. Walisilimu, wakajifunza Kiswahili, wakaitwa watu wa Pangani hata kama walizaliwa Nyeri au Kavirondo. Hapa jina lilifanya kazi kubwa kuliko kumbukumbu, maana liliwapa watu wasio na ukoo mjini mahali pa kusema wametoka.

Serikali ya kikoloni haikuvitaka vijiji hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ilifungua Pumwani kuwa makazi rasmi ya Waafrika, na kijiji cha Mombasa na cha Maskini vikavunjwa. Pangani ilivumilia hadi 1938 na 1939, ikabomolewa nayo. Wenye nyumba wakapelekwa Shauri Moyo. Kwangu mimi jina hilo ni kama kauli ya mtu aliyeachiwa uamuzi bila kuachiwa pa kwenda. Unguja nako iko Shaurimoyo, na Dar es Salaam upo mtaa wa jina hilo; sitaki kulazimisha undugu hapo, kwa kuwa uchungu wa namna hiyo unaweza kuzaliwa popote.

Nyumba zilikwenda, jina likabaki juu ya ardhi. Pangani ikawa mtaa wa Wahindi, kisha mtaa wa watu wote, kisha daraja la barabara kuu. Makanga anaita jina la mji wa Abushiri kila dakika, kutwa nzima.

Ukitoka hapo kwa miguu, kabla ya nusu saa kwisha utakuwa umefika Kariokor. Nilipotambua ukaribu huo ndipo nilipoona kwamba majina haya mawili ni historia moja. Pangani ni mpagazi wa biashara. Kariokor ni mpagazi wa vita. Nairobi imewaweka jirani.

Vita vya 1914 hadi 1918 viliipiganisha nchi yetu kwa miguu. Magari yalizama kwenye tope, ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o, na kila risasi na kila gunia la unga lilikwenda kichwani mwa mtu. Waingereza waliunda kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, chini ya Oscar Watkins. Ulimi wa Kiswahili haukukubali neno liishie kwa konsonanti, ukaligeuza: kariakoo. Waliochukuliwa na Waingereza kutoka makoloni yao yote ya upande huu walikaribia milioni moja, wengi kwa nguvu, machifu wakiamriwa kutoa idadi. Waliokufa, kwa hesabu iliyoandikwa, ni karibu laki moja, na wachache tu kati yao waliuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, na unga usioiva uliowapasua matumbo. Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck nao waliwakamata watu wa kubeba, bila hata kuwaandika.

Dar es Salaam ilitwaliwa tarehe 4 Septemba 1916. Pembezoni mwa mji Wajerumani walikuwa wamejenga banda kubwa la soko. Waingereza wakalifanya kambi ya wapagazi wao. Vita vilipokwisha banda likawa soko kweli, na jina la kambi likabaki kuwa jina la soko, kisha la mtaa, kisha la nusu ya maisha ya jiji. Mitaa yake ni orodha ya waliofika: Nyamwezi, Sukuma, Kongo, Swahili, Pemba. Chama cha TANU kilizaliwa Kariakoo tarehe 7 Julai 1954. Klabu za mpira, Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936, ziko hapo, ndiyo maana mechi yao tunaiita ya watani wa Kariakoo. Jengo jipya la soko, lililochorwa na msanifu Beda Amuli, lilikamilika mwaka 1975 pamoja na ile sehemu ya chini tunayoiita shimoni, likaungua Julai 2021.

Unguja pia kuna Kariakoo, na mtoto wa Unguja ukimtajia jina hilo anafikiria bembea za sikukuu. Kariokor ya Nairobi ni soko la vyondo, viatu vya ngozi na nyama choma, na karibu yake pana makaburi ya vita. Jina moja linabeba soko, mpira, bembea na makaburi, na katika siku ya kawaida hakuna anayeshtuka.

Mimi nashtuka. Pale mjini Dar es Salaam, kwenye mzunguko wa Samora, Wajerumani walimsimamisha Wissmann wa shaba, huyohuyo aliyemnyonga Abushiri. Waingereza wakamshusha. Sanamu ikapelekwa Hamburg, na mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa huko wakaiangusha. Mahali pake pale Samora, mwaka 1927, palisimamishwa sanamu ya askari mwenye bunduki, akielekea bandarini. Maandishi yake yanawataja wapagazi, lakini aliyesimama ni mmoja tu, na hana mzigo kichwani.

Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba Waafrika na Waasia waliokufa katika vita vile hawakukumbukwa sawa na Wazungu. Zaidi ya watu 100,000, na huenda mara tatu ya hao, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Wengi wa wasioandikwa walikuwa wa Afrika Mashariki, wabeba mizigo. Mishahara ya wengi wao haikuwafikia wajane wao.

Kwa hiyo jina la soko ndilo kaburi lao kubwa kuliko yote, na ni watu waliolitunza kwa kulitamka, bila serikali yoyote kuagiza. Lakini kaburi la watu wote halitoshi kwa mtu mmoja. Katika nyumba nyingi za Tanga, Tabora, Ukambani, Nyanza na Unyanja wako bado wazee waliosikia kwa baba zao kwamba babu fulani alikwenda na kariakoo, akarudi au hakurudi. Kama kwenu yuko mzee wa namna hiyo, kaa naye wiki hii na daftari. Uliza jina kamili la aliyekwenda, jina la baba yake, kijiji alichotoka, na alikoonekana mara ya mwisho. Andika kama mzee anavyotamka.